Akili Bandia, Akili Unde, Akili Mnemba: Lugha ya Kumfundishia Mtoto wa Shule ya Msingi

1.0 Utangulizi

Suala la kuwafundisha watoto wa shule za msingi habari za akili bandia limezungumzwa sana katika miaka ya karibuni, na mara nyingi limezungumzwa kana kwamba ni suala la vifaa tu: kompyuta ni ngapi, umeme utatoka wapi, intaneti italipiwa na nani. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, yamelifunika swali jingine ambalo kwa maoni yetu ni la awali zaidi, nalo ni swali la lugha. Mtoto wa Darasa la Tatu ataambiwa nini, kwa maneno gani, na maneno hayo yatamfanya aamini nini kabla hata mwalimu hajaanza kueleza? Makala haya yanadai kwamba Kiswahili, kwa istilahi zake, kwa ngeli zake na kwa vitenzi vyake, kinabeba msimamo fulani kuhusu jambo hili, na kwamba mwalimu asiyeutambua msimamo huo ataufundisha bila kujua.

Yafaa ikumbukwe kwamba dhana yenyewe si mpya. Jina lake la Kiingereza lilibuniwa na John McCarthy na wenzake mwaka 1955, walipoandika pendekezo la mkutano uliofanyika katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka uliofuata. Kilicho kipya ni kuiingiza dhana hiyo katika elimu ya watoto. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walianzisha mpango ujulikanao kama AI4K12, uliopendekeza mambo matano makuu ya kufundishwa tangu shule ya awali: jinsi mashine inavyopokea habari za ulimwengu, inavyoziwakilisha na kuzipambanua, inavyojifunza, inavyoshirikiana na binadamu, na athari zake kwa jamii. Mwaka 2024 UNESCO nayo ilichapisha mihimili ya umahiri kwa wanafunzi na kwa walimu. Nchini Tanzania utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024, na katika shule za msingi za serikali lugha ya kufundishia imekuwa Kiswahili tangu 1967. Maana yake ni kwamba kwa mamilioni ya watoto wetu, maelezo ya kwanza ya darasani kuhusu mashine hizi yatakuwa ya Kiswahili, yawe mazuri au mabaya.

2.0 Istilahi tatu na mizigo yake

Kwa sasa istilahi tatu zinashindana: akili bandia, akili unde na akili mnemba. Hatukusudii hapa kuamua mshindi. Tunachotaka ni kuitazama kila moja kwa jicho la mtoto wa miaka minane au tisa, ambaye hana habari ya kamati za istilahi.

Neno bandia atakuwa amelisikia katika noti bandia, dawa bandia na mbegu bandia. Katika mifano hiyo yote pana udanganyifu, na pana mtu anayepaswa kukamatwa. Lakini amelisikia pia katika meno ya bandia na mguu wa bandia, ambapo hapana udanganyifu wowote bali kitu kilichotengenezwa kushika nafasi ya kingine. Tena lipo tumizi la tatu, ambalo wakubwa hulisahau: bandia ni mtoto wa kuchezea, yule wa vitambaa ambaye msichana humbeba, humbembeleza na kumlaza. Ni wazi kwamba waliotunga istilahi hii hawakuwa na mtoto wa bandia akilini. Hata hivyo, kwa ufundishaji, tumizi hilo ndilo bora kuliko yote. Mtoto anajua vema kwamba bandia wake halii kweli, na bado humbembeleza. Hali hiyo ya kujua na kucheza kwa pamoja ndiyo hasa tunayotaka awe nayo mbele ya mashine inayozungumza.

Akili unde imejengwa kwa njia iliyo wazi zaidi kimofolojia. Kitenzi -unda, ambacho zamani kilihusu hasa uundaji wa vyombo vya baharini, kimepewa kiambishi tamati -e chenye maana ya kitu kilichotendwa. Ni njia ile ile iliyotupa mtume kutokana na -tuma, kiumbe kutokana na -umba, na mteule kutokana na -teua. Na kwa kuwa tunasema kamati teule bila shida, hapana sababu ya kuona akili unde kuwa ngeni. Faida yake ni kwamba mtoto anaweza kuulizwa: imeundwa na nani? Kisha aweze kutofautisha -umba na -unda, jambo ambalo watoto wengi wa Kiislamu na wa Kikristo hulijua tayari kutokana na mafunzo yao ya dini: Mungu huumba, fundi huunda. Tofauti hii tumepewa na lugha yenyewe, na ni ajabu kwamba waandishi wa vitabu hawajaitumia.

Ama kuhusu akili mnemba, ugumu wake ni kwamba neno la pili halimwambii mtoto lolote. Mtoto wa Matemwe ataifahamu Mnemba kama kisiwa kilicho mbele ya kijiji chao. Wa Dodoma hatafahamu chochote. Istilahi isiyo na mwangwi ina faida yake, kwani haipotoshi, lakini pia haisaidii.

Uzoefu wa Kiswahili unaonyesha kwamba istilahi haishiki kwa sababu ya uzuri wake pekee. Wazee wetu walibishana juu ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na mitaani kompyuta ndiyo iliyoshinda. Kwa upande mwingine, kishikwambi, neno ambalo wengi walilicheka lilipotolewa, lilienea kwa kasi baada ya Sensa ya 2022 nchini Tanzania, kwa kuwa makarani waliletewa kifaa na jina lake kwa pamoja, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa kwa walimu. Neno lilifika mkononi likiwa limeshika kitu chake. Yumkini ndivyo itakavyokuwa hapa pia: istilahi itakayoingia katika kitabu cha Darasa la Tatu ndiyo itakayobaki.

Neno akili nalo lisipitwe hivi hivi. Kwa Mswahili, akili si uwezo wa kutatua hesabu tu. Anayemtukana mzazi wake huambiwa hana akili, hata kama ni wa kwanza darasani. Methali isemayo akili ni nywele, kila mtu ana zake, huifanya akili kuwa mali ya mtu mmoja mmoja, iliyoota kichwani mwake. Kwa hiyo mtoto akiambiwa kwamba mashine ina akili, amepewa zaidi ya kile anachopewa mtoto wa Kiingereza. Ameambiwa kwamba ina adabu, busara na nafsi. Hili ni deni ambalo mwalimu atalilipa kwa maelezo, kwa sababu hatuoni uwezekano wa kuling'oa neno lenyewe.

3.0 Muulize au iulize?

Tunaingia sasa katika jambo ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko istilahi, nalo ni upatanisho wa kisarufi. Inafahamika kwamba katika Kiswahili sanifu nomino za viumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA bila kujali umbo lake. Twasema kiboko amelala, si kiboko kimelala. Kipofu amefika, si kipofu kimefika. Uhai huishinda mofolojia. Aidha, lugha humruhusu msemaji kukiuka kanuni hiyo kwa makusudi: kitoto kinalia humshusha aliye hai, na katika ngano msimulizi humpandisha asiye hai, Jua likawa na kauli na Upepo akajibu.

Je, mashine inayojibu maswali iwekwe wapi? Nomino mashine, kompyuta na simu zipo katika I-ZI, na hatujamsikia mtu akisema kompyuta amezimika. Lakini tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, husikika mara kwa mara, hata katika korido za vyuo vikuu, kauli kama hizi:

(a) Muulize ChatGPT.
(b) Amenijibu vizuri.
(c) Hajui Kiswahili sana.

Hakuna aliyeamua kwamba programu ile ni kiumbe hai. Kiambishi -m- katika (a) kimeamua kwa niaba ya msemaji. Mtu mzima anaweza kusema hivyo kwa mzaha na asidhurike. Mtoto anayejifunza lugha na ulimwengu kwa wakati mmoja hana kinga hiyo, kwa sababu kwake upatanisho ndio ushahidi. Kama angesikia kwa mara ya kwanza kiumbe asichokijua kikitajwa kwa A-WA, angejua mara moja kwamba kina uhai, na angekuwa sahihi.

Hapa Kiswahili kina nafasi ambayo lugha nyingi hazina. Kile ambacho mwalimu wa lugha nyingine hulazimika kukieleza kwa hotuba ndefu kuhusu nafsi na uhai, mwalimu wetu anaweza kukifanya kuwa zoezi la ngeli. Andika ubaoni: Roboti ___meanguka. Wanafunzi watatoa a-, i- na li-. Usiwasahihishe upesi. Waulize kwa nini. Atakayetetea a- atasema roboti hutembea. Mwingine atamjibu kwamba gari nalo hutembea. Atakayesema roboti huongea atajibiwa kwamba redio pia huongea. Ndani ya dakika kumi darasa litakuwa limefika mahali ambapo wanafalsafa wamekaa kwa miongo kadhaa, tena katika kipindi cha Kiswahili, bila umeme. Msimamo wetu ni kwamba vitabu vitumie I-ZI au LI-YA bila kuyumba, na A-WA iachwe kwa hadithi, ambako mtoto anajua kwamba amepewa ruhusa ya kuigiza.

4.0 Vitenzi: inajifunza au inafunzwa?

Utaratibu ambao mashine huboresha majibu yake kutokana na mifano mingi huitwa kwa kawaida kujifunza kwa mashine. Kitenzi -jifunza kina kiambishi rejeshi -ji-, na ingawa sisi watu wazima hatukisikii tena, maana yake ya asili bado imo: ni kujitia mafunzo mwenyewe. Mtoto akiambiwa mashine inajifunza, ataiona imekaa peke yake usiku ikisoma kwa juhudi. Ukweli ni kwamba inafunzwa. Kauli ya kutendwa ni sahihi zaidi, na ina sifa moja ya kisarufi iliyo muhimu mno: hufungua nafasi ya mtenda. Inafunzwa na nani? Kwa mifano ya nani?

Swali hilo lina jibu la kweli, na sehemu ya jibu iko karibu nasi. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walikuwa wamelipwa dola 2 za Marekani au chini ya hapo kwa saa, wakisoma na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu ili mashine ipate kufunzwa kuyatambua. Hatusemi mtoto wa Darasa la Tatu asimuliwe yaliyomo katika maandishi hayo. Tunasema kwamba mtoto wa Darasa la Sita anaweza kujua kwamba nyuma ya kitenzi kile kuna watu, na kwamba baadhi yao huzungumza Kiswahili. Kitenzi -jifunza huwaficha. -Funzwa huwaacha mlangoni.

(Tungeonya tu dhidi ya -fundwa. Mwari hufundwa, na anayefundwa hupewa siri za utu na jamii yake. Mashine haijafika huko.)

Tatizo la namna hiyo hiyo linajitokeza mashine inapotoa habari isiyo ya kweli kwa ufasaha wote. Wanafunzi husema imedanganya, au imesema uongo. Lakini uongo huhitaji nia: mwongo anaujua ukweli na kuukwepa. Kukosea nako hakutoshi, kwani hakuonyeshi ule ufasaha unaotia mashaka. Tungependa kupendekeza -weweseka. Mtu anayeweweseka hutamka maneno halisi, pengine sentensi kamili zenye sarufi nzuri, na hapana anayemlaumu wala anayemwamini. Tunakubali kwamba kitenzi hiki kina kasoro, kwa kuwa anayeweweseka ataamka baadaye. Hata hivyo, mtoto aliyelala kitanda kimoja na nduguye ataielewa dhana hii bila kufafanuliwa.

5.0 Shikamoo na Marahaba

Mwandikie mashine ya aina hii Shikamoo, nayo itakuandikia Marahaba. Watoto hufurahi sana, na ni rahisi wakadhani kwamba imewatambua kuwa wadogo. Shikamoo, kama tujuavyo, haitolewi ovyo. Hudai umri, na mpokeaji akiwa mdogo kuliko mtoaji atajiona amedhihakiwa. Mashine ina umri gani? Programu yenye miaka miwili haiwezi kupokea shikamoo ya mtoto wa miaka tisa. Tunaona mwalimu asiikataze salamu hiyo, bali aitumie kufundishia jinsi mashine inavyofanya kazi.

Kwani jibu hupatikanaje? Katika maandishi mengi ambayo mashine ilifunziwa, baada ya shikamoo hufuata marahaba. Basi. Na watoto wetu ni mabingwa wa mchezo huo. Mwalimu atamke Paukwa, darasa lote litaitika Pakawa. Atamke Kitendawili, wataitika Tega. Atamke Haraka haraka, wataimaliza. Awaulize sasa: mlifikiri? Wengi watakiri kwamba neno lilitoka lenyewe. Kisha aanze sentensi isiyo na mwisho mmoja, kwa mfano Mama amekwenda..., aandike majibu yote ubaoni na kuhesabu. Sokoni litapata kura nyingi kuliko mahakamani. Je, hiyo ina maana kwamba mama yake Asha amekwenda sokoni kweli? Hapo ndipo mtoto anapoona kwa macho yake kwamba linaloelekea kusemwa si lazima liwe kweli. Hatujui njia nyingine ya kulifundisha jambo hili iliyo fupi kiasi hicho.

Ngeli tena zinatufaa. Baada ya Kitabu, mtoto anatarajia ki-: kitabu kile kimoja kilichopotea. Anaweza kuendeleza mnyororo huo hata kwa nomino aliyobuniwa papo hapo na isiyo na maana yoyote, tuseme kidunzo: kidunzo kile kimoja kilichopotea. Upatanisho umetimia na hakuna ajuaye kidunzo ni nini. Mashine hufanya vivyo hivyo kwa kila neno.

Kuna njia ya pili ya kuipa mashine lugha, nayo ni kuiandikia kanuni. Ndiyo aliyoifuata Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambaye tangu miaka ya 1980 alijenga mfumo wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kanuni zilizoandikwa na mtaalamu. Mfumo wa namna hiyo hulikata neno hawatatufundisha pale ambapo sarufi inataka: ha-wa-ta-tu-fundish-a. Mashine za leo zinazotegemea mifano hukata maneno kwa kufuata wingi wa kutokea kwa vipande vya herufi, na vipande hivyo aghalabu haviafikiani na mofimu zetu, hasa kwa kuwa maandishi ya Kiswahili yaliyotumiwa ni machache yakilinganishwa na ya Kiingereza. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kuligawa neno hilo kwa njia zote mbili na kuona tofauti.

6.0 Viberiti ishirini na vinne

Hoja ya vifaa tuliyoitaja mwanzoni inadhoofika zaidi tukikumbuka kazi ya Donald Michie. Mwaka 1961 msomi huyo wa Uingereza alitengeneza mashine ya kucheza mchezo wa duara na msalaba kwa kutumia viberiti 304 na shanga za rangi, bila kompyuta. Mwaka 1962 Martin Gardner alieleza katika jarida la Scientific American mchezo mdogo zaidi, unaohitaji viberiti 24 tu, na huo ndio tunaoupendekeza kwa Darasa la Tano na kuendelea.

Ubao una miraba tisa, mitatu kwa mitatu. Kila upande una kete tatu, na vizibo vya soda vinafaa kabisa. Kete husogea mbele mraba mmoja ulio wazi, au hula kete ya mpinzani iliyo mbele kwa mshazari. Anayefikisha kete upande wa pili, au anayemaliza kete za mwenzake, au anayemfungia mwenzake asiwe na pa kwenda, ameshinda. Mwanafunzi huanza, mashine hucheza ya pili. Kila kiberiti kimechorwa hali moja ya ubao ambayo mashine inaweza kukutana nayo, pamoja na mishale ya rangi inayoonyesha hatua zinazoruhusiwa, na ndani yake mna shanga za rangi hizo hizo, moja kwa kila mshale. Zamu ya mashine ikifika, mwanafunzi mwingine hutafuta kiberiti kinacholingana na ubao, hukitikisa, huchomoa shanga moja bila kutazama na kufuata rangi yake. Mashine ikishindwa, shanga ya hatua yake ya mwisho huondolewa. Kiberiti kikibaki kitupu, mashine husalimu amri, na shanga ya hatua iliyotangulia ndiyo huondolewa.

Mwanzoni mashine hushindwa ovyo, na watoto huicheka. Baada ya michezo kadhaa kicheko hupungua, kwa sababu katika mchezo huu anayecheza wa pili anaweza kushinda daima akicheza bila kosa, na kila kushindwa huondoa kosa moja. Mwishowe viberiti havishindwi tena. Hapo mwalimu afungue vyote ishirini na vinne mbele ya darasa na kuuliza akili iko wapi. Hapana kiberiti kinachojua mchezo. Hapana shanga iliyojifunza, kwani kilichotokea ni kwamba shanga fulani hazipo. Na mtoto aliyekuwa akiziondoa atagundua kwamba mfunzaji alikuwa yeye.

7.0 Lugha ya kutoka na lugha ya kuingia

Wapo wenzetu wanaosema kwamba kwa kuwa somo hili limejaa Kiingereza, ni afadhali lisubiri sekondari. Hoja hiyo tumeisikia kuhusu fizikia na kemia, na matokeo yake yalielezwa vya kutosha na Roy-Campbell na Qorro (1997): mwanafunzi hukariri maneno asiyoyafahamu kwa lugha asiyoimudu. Katika somo hili madhara yatakuwa mabaya zaidi, kwa kuwa kukariri sentensi fasaha zisizoeleweka ndiko hasa tunakotaka mwanafunzi akutambue katika mashine.

Tena kuna mambo ambayo huonekana tu mtu akiwa amesimama katikati ya lugha mbili. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika viambishi vya nafsi. Yeye ni daktari, yeye ni muuguzi. Programu ya tafsiri ikilazimishwa kuzipeleka sentensi hizo katika Kiingereza, lugha isiyokubali kunyamaza kuhusu jinsia, huelekea kumfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke, kwa kuwa ndivyo ilivyoona mara nyingi zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya Google ilianza kutoa tafsiri zote mbili kwa baadhi ya sentensi za Kituruki, lugha ambayo kwa hili inafanana na yetu. Mwanafunzi wa Darasa la Saba mwenye Kiswahili chake na Kiingereza kidogo anaweza kulifanya jaribio hili kwa simu ya mwalimu, akaandika sentensi ishirini za kazi mbalimbali na kuhesabu majibu. Mwenzake wa London asiyejua ila Kiingereza hawezi, kwa kuwa hana lugha ambamo swali hilo linaweza kuachwa wazi.

Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili ni ndogo lakini ina haraka, kwani vitabu vya kiada huandikwa mara moja na hukaa madarasani kwa miaka mingi. Waandishi wa viongozi vya mwalimu wanahitaji kupewa, kabla ya kuandika, uamuzi kuhusu istilahi moja, uamuzi kuhusu upatanisho wa roboti na wenziwe, na orodha fupi ya vitenzi vinavyoruhusiwa kufuata nomino mashine. Sisi tungeianza orodha hiyo kwa -kokotoa, -kisia, -funzwa na -weweseka, na tungeliacha -fikiri lijadiliwe na wanafunzi wenyewe.